Usitie Sahihi Karatasi Tupu

Kila mwaka bahasha za makampuni hufika katika nyumba za wanahisa wadogo: walimu, wauguzi, wakulima, wajane walioachiwa hisa na waume zao. Ndani yake mna taarifa ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, pamoja na karatasi moja ambayo wengi hawaitazami mara mbili, yaani fomu ya uwakilishi. Mama mmoja mjane wa jumuiya yetu alituletea fomu ya namna hiyo akiwa amekwisha kuitia sahihi. Nafasi ya jina la mwakilishi ilikuwa wazi. Nafasi za kukubali na kukataa zilikuwa wazi pia. Alidhani ni stakabadhi ya gawio lake. Kumbe alikuwa akiitoa kura yake yote, asijue anampa nani wala kwa ajili ya nini.

Jambo hili si dogo. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lianze biashara mwaka 1998, watu wengi wa kawaida wamenunua hisa, zikiwemo za makampuni yaliyokuwa mali ya umma. Walihimizwa kununua ili nao wawe wenye mali. Lakini mwenye mali asiyeulizwa neno juu ya mali yake ana umiliki gani? Ni mkutano mkuu unaochagua wakurugenzi, unaoidhinisha gawio na kuteua wakaguzi wa hesabu. Mwanahisa wa Sumbawanga au Songea aweza kuona nauli ya kufika mkutanoni inazidi gawio lake. Ndiyo sababu sheria ikaweka uwakilishi.

Sheria za makampuni, ile ya Tanzania ya mwaka 2002 na ile ya Kenya ya mwaka 2015, zinampa mwanahisa haki ya kumteua mtu mwingine ahudhurie na kupiga kura kwa niaba yake. Si lazima mtu huyo awe mwanahisa. Taarifa ya mkutano sharti iitaje haki hiyo waziwazi, na kampuni haiwezi kudai kwamba fomu iifikie mapema kuliko saa 48 kabla ya mkutano. Hiyo ni sheria njema, yenye kumlinda mnyonge.

Ubaya umo katika mazoea. Fomu nyingi husema kwamba asipotajwa mtu, mwakilishi atakuwa mwenyekiti wa mkutano. Na pasipowekwa alama, atapiga kura kadiri aonavyo. Mwenyekiti wa mkutano kwa kawaida ndiye mwenyekiti wa bodi. Basi wanaopaswa kutoa hesabu ndio wanaoshika kura za wale wanaopaswa kuwadai hesabu! Katika Injili ya Luka, sura ya 16, tajiri alimwita wakili wake atoe hesabu ya uwakili wake. Hakumwachia wakili huyo ajiamulie mwenyewe shauri lake.

Wapo watakaosema kwamba hisa mia mbili hazimwangushi mkurugenzi yeyote. Ni kweli, kura zikihesabiwa kwa hisa, mwenye nyingi hushinda. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kura za kukataa zikiwa nyingi bodi haiwezi kujifanya haikuzisikia. Tena Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba faida ina nafasi yake halali, lakini kampuni ni pia jumuiya ya watu. Kwa hiyo kura yetu yamgusa kibarua wa shambani na kijiji kinachokunywa maji ya mto upitao kiwandani.

Tunashauri hivi. Mosi, andika jina la mtu unayemwamini. Wanahisa wa parokia moja waweza kumteua mtu mmoja na kumchangia nauli. Pili, weka alama ya kukubali au kukataa katika kila azimio. Tatu, wahi muda uliowekwa, ubaki na nakala. Nne, ukibadili nia, iarifu kampuni kwa maandishi kabla ya mkutano. Tano, mwakilishi akirudi, atoe taarifa mbele ya waliomtuma.

Nasi watumishi wa Kanisa tuanze nyumbani. Yako majimbo na mashirika ya kitawa yenye hisa, na Kanisa lenyewe lilianzisha Benki ya Mkombozi mwaka 2009. Je, anayekwenda mkutanoni kwa jina la taasisi zetu hutumwa baada ya shauri, au mhasibu hutia sahihi peke yake jioni ya mwisho?

Yule mama tulikaa naye, tukaisoma fomu mstari kwa mstari. Alimteua kijana wake, akakataa azimio moja na kukubali mengine. Azimio lile lilipita. Hata hivyo mwana alirudi na majibu ya swali alilotumwa kuuliza, na mama akasema kwamba kwa mara ya kwanza amejiona kuwa mwenye hisa. Sahihi ni amana. Tusiiweke juu ya karatasi tupu.