Mnyambe na Shutuma ya Uvivu

Wapo wasomi wetu wadhanio kwamba mahali pasipokuwa na boma la Mjerumani wala kaburi la mfalme hapana historia. Kwa kipimo hicho Mnyambe, kata ya wakulima wilayani Newala, haina lolote la kuandikwa. Sisi twakikataa kipimo chenyewe.

Wazee wa Kimakonde hawakuukwea uwanda ule usio na mito kwa ujinga. Katika karne ya 19 mabondeni kulikuwa na maji, lakini kulikuwa pia na wavamizi na wakamata watumwa. Huko juu vichaka vizito vilikuwa ngome. Usalama huo ulilipiwa kwa kiu, na waliobeba mzigo huo kila siku ni akina mama, walioteremka magenge na kupanda tena na mitungi kichwani. Mabomba ya mradi wa maji wa Makonde yalikuja miaka ya 1950 tu. Je, watu hao ndio wavivu?

Maana neno hilo ndilo tulilolisikia korosho zilipoanguka. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani 145,000 hivi, nyingi zikitoka kusini. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Wakaaji wa mijini, ambao huujua mkorosho kwa kutafuna tunda lake lililokaangwa, wakasema mkulima wa Newala ameacha jembe akashika ngoma. Maneno mepesi! Katika miaka ile ya 1970 watu wa uwanda walihamishiwa katika vijiji vipya, na wengi wakaiacha mikorosho yao mbali, ikamezwa na vichaka. Bei aliyolipwa mkulima ikapungua thamani. Kisha ubwiriunga ukayashambulia maua, na ua lililonyauka halizai kwa kukaripiwa. Salfa ilipopatikana na bei ikafaa, katika miaka ya 1990, mavuno yalipanda tena, na mikono iliyoyavuna ilikuwa ile ile.

Basi, ndugu mwalimu, mwanafunzi wako asikariri safari za wapelelezi wa Kizungu peke yake. Kwa Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama. Aanze basi kwa bibi mzaa mama. Amwulize maji yalitekwa wapi, mkorosho wa kwanza ulipandwa na nani, nani alihamishwa na shamba likabaki kwa nani. Majibu ayaandike kwa majina na miaka, na daftari hilo liwekwe katika maktaba ya shule, rafu moja na vitabu vya historia.