Kutoa ni Moyo, Lakini Mfuko ni wa Nani?

Mji wa Voi umekaa njia panda. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi yapita hapo, na hapo hapo yachepuka ile ya Mwatate na Taveta hadi mpaka wa Tanzania. Madereva wa malori hulala, hula, kisha huenda zao. Mwenye kuzijua njia panda hahitaji kuelezwa ni maradhi gani yaliyopenya humo katika miaka ya 1980 na 1990. Rais Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, Novemba 1999, mayatima walikuwa wamekwisha kujaa majumbani, na bibi aliyedhani amemaliza kulea alikuwa akianza upya.

Ndipo walipojitokeza watu wa dini. Hapo Voi ipo St. Joseph Shelter of Hope, iliyotokana na kazi ya masista wa Kikatoliki, ambayo imejitwika mayatima na watu wanaoishi na virusi. Mimi nimelelewa chuoni, kwa ubao na fimbo ya maalimu, wala sioni haya kuwasifu. Sura ya Al-Maun, tuliyoihifadhi tungali wadogo, humlaumu kwanza mwenye kumsukuma yatima, ndipo ikamgeukia mwenye kusali kwa ria. Haikuuliza yatima huyo ni wa dini gani.

Wala si jambo geni Utaita. J. A. Wray wa CMS alifika Sagalla mwaka 1883, na njaa kubwa ikamkuta huko. Mapadri wa Roho Mtakatifu wakajenga Bura mwaka 1892. Tangu hapo shule, dawa na kibaba cha nafaka vimekwenda sambamba na msalaba. Wapo wasemao kibaba kile kilikuwa chambo. Huenda. Ila mwenye njaa hana nafasi ya kuichunguza ndoana.

Na tuulize, njaa yenyewe yatoka wapi? Hesabu ya mwaka 2019 iliwakuta watu 340,671 katika Taita Taveta. Ardhi ya kaunti hiyo, zaidi ya nusu imo ndani ya hifadhi za Tsavo, zilizowekwa na serikali ya kikoloni mwaka 1948. Katika kilichobaki kuna mashamba makubwa ya katani na ranchi. Mkulima amebanwa katikati, na kishamba alichonacho ndovu hukivunja usiku mmoja. Mvua nazo zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Mtu wa hali hiyo kumwita mvivu ni dhuluma. Lakini sista hawezi kumgawia ardhi. Afunga kidonda, na mwiba ungalimo.

Sasa kidonda chenyewe kimepungukiwa na kitambaa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na ilipofika Julai mwaka huo huo shirika la USAID likafungwa. Vidonge vya wagonjwa wa virusi katika nchi yetu vilikuwa vikitegemea sana fedha za nje. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, tuliambiwa, tukaona ni maneno ya wazee tu.

Wakati huo huo serikali imeamua, katika mpango wake wa mwaka 2022 hadi 2032, kwamba watoto waondolewe katika makao ya kulelea wakarudi kwenye jamaa. Mimi naunga mkono. Bweni halimjui mtoto kwa jina la babu yake. Ila mtoto arudipo kwa bibi, nani amlisha? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema ni wajibu wa dola kumsaidia asiyejiweza. Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, nazo mara nyingi huchelewa. Bibi wa miaka 62 mwenye wajukuu wanne hayumo katika fungu hilo. Lipo fungu la walezi wa mayatima, bali si kila mlezi yumo. Asiyekuwemo ndiye abishaye mlango wa masista.

Hapa ndipo nionapo kuwa Pwani tuna la kuwafundisha, na la kujifunza. Tangu zamani mwenye nyumba Mombasa aliweza kuifanya wakf: haiuzwi, hairithiwi, na kodi yake yaenda kwa maskini miaka na miaka. Haingoji uchaguzi wa Marekani. (Najua, wakf nyingine zimeliwa na hao hao waliopewa kuzilinda, msinikumbushe.) Na zaka, ambayo Kurani imeitajia mafungu manane ya wapokeaji, mara nyingi huishia Ramadhani katika sahani za wali na picha za wafadhili.

Makanisa ya Utaita yana ardhi, na misikiti ya Voi ina wafanyabiashara. Wakianza na vyumba sita tu vya kupangisha karibu na stesheni, hesabu zake zikabandikwa mlangoni, kodi haitatosha vidonge. Itatosha karo na sare za watoto kadhaa, na bibi ataijua tarehe ya kupokea.