Kadi ya Harusi Siyo Bango la Mnada

Haya mashosti, mwezi huu tuongelee kadi. Nimeletewa kadi ya mwaliko, maneno yote kwa Impact, yale maandishi meusi, manene, yaliyobanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Nikajiuliza, hii ndoa au mnada?

Sisemi Impact ni mbaya. Mwingereza Geoffrey Lee aliibuni, na mwaka 1965 ikatolewa na kiwanda cha herufi za risasi cha Stephenson Blake, mjini Sheffield, kwa ajili ya matangazo na vichwa vya habari. Microsoft ikaisambaza kwenye kompyuta kuanzia miaka ya 1990, ndiyo maana kila steshenari utaikuta. Kwa kuwa imebanwa ubavuni, maneno mengi yanaenea mstari mmoja, na mtu anayasoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Kasheshe ni ukiipunguza. Matundu ya "a" na "e" ni finyu mno, wino ukitandaa kidogo yanaziba. Kwenye hiyo kadi, 6 na 8 za namba ya kamati zilikuwa pacha. Shangazi akapiga, akapokea mwanaume asiyemjua, na mjomba yupo pembeni anasikiliza. Weee!

Bibi harusi mtarajiwa, Impact ipeleke kwenye bango la njia panda ya kuelekea ukumbini. Kwenye kadi, namba za simu ziandikwe kwa herufi nyembamba zinazopumua, na mama aisome bila miwani kabla hujalipia nakala 300.