USIHUKUMU ALBAMU AMBAYO HUJAISIKIA



Leo nina neno kwa makundi mawili, na najua kila kundi litanikasirikia kidogo. Vumilieni.

Kuna vijana wetu wanaosikiliza metali ya kiasili. Kwa asiyeijua: ni magitaa ya umeme yenye kishindo, waimbaji wananguruma, na katikati yake unasikia fidla, filimbi na hadithi za mababu. Kundi la kwanza, wazazi, maoni yenu nayajua: "Hiyo ni ya shetani, zima!" Kundi la pili, vijana, maoni yenu nayajua pia: "Pasta, mimi nasikiliza melodi tu. Maneno hata siyaelewi."

Nisikilizeni vizuri. Nyinyi nyote kosa lenu ni moja. Mmetoa hukumu kabla ya kusikia, na Mithali 18:13 inauita huo upumbavu.

Naanza na mzazi. Nani alikuambia shetani anatambuliwa kwa sauti ya gitaa? Orphaned Land ni bendi ya Israeli. Mwaka 2004 walitoa albamu inayoitwa Mabool. Hilo ni neno la Kiebrania, maana yake gharika. Ndiyo, gharika ile ya Nuhu! Inasimulia habari za wana watatu, kila mmoja akisimama kwa imani moja kati ya zile tatu zinazomwita Ibrahimu baba, wanaojaribu kuwaonya watu kabla maji hayajafika. Mwaka 2013 bendi hiyo ilizunguka Ulaya pamoja na Khalas, bendi ya Wapalestina, wakipanda basi moja. Mama, umemfokea mtoto kwa kusikiliza kitabu cha Mwanzo!

Tusisahau kwamba wako wamishenari walioziita ngoma za babu zetu za kishenzi bila kuuliza zinasema nini. Tuliumia. Mbona sasa tunawafanyia watoto wetu yale yale?

Kijana, usishangilie bado. Zamu yako imefika.

Unasema maneno hayana maana? Wenyewe wanaoimba hawakubaliani nawe. Eluveitie wa Uswisi walitoa Evocation I mwaka 2009, karibu yote kwa Kigallia, lugha iliyokufa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mtu hahangaiki kufufua lugha iliyokufa ili aimbe maneno yasiyo na maana! Albamu yao Helvetios ya mwaka 2012 inasimulia jinsi majeshi ya Julius Caesar yalivyowaponda Wahelveti, watu walioishi Uswisi ya leo. Kwa hiyo watu wanalia msiba, na wewe unatikisa kichwa ukisema "melodi tu". Hiyo ni heshima gani?

Halafu wako Finntroll wa Ufini. Wanachanganya metali na humppa, dansi ya kwao ya kuchangamsha, hata miguu inataka kuruka yenyewe. Lakini hadithi zao ni za mazimwi wa msituni wanaowachukia Wakristo na kupigana nao. Wanaimba kwa Kiswidi, ndiyo maana hukujua. Mashabiki wanasema ni utani. Sawa, na uwe utani. Lakini mtu mzima hujua anachekea nini, na anayechekwa ni nani.

Mmeona? Mabool na Finntroll huwekwa kapu moja, lakini habari zake ni mbingu na ardhi. Hukumu moja haiwezi kuzitosha zote mbili, iwe ni "zima" au iwe ni "melodi tu".

Paulo alipofika Athene hakuanza kwa kupiga kelele. Matendo 17 inatuambia aliuzunguka mji, akatazama ibada zao, akasoma hata maandishi ya madhabahu yao. Alipofungua kinywa, alijua anachokisema.

Mzazi, wiki hii keti na mtoto wako. Sikilizeni wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha muulize, "Huu unasema nini?" Kijana, uwe na jibu. Tafuta tafsiri, soma. Na kama ukishajua dhamiri inakusuta, zima mwenyewe, bila kungoja kelele za mama.

Bwana atupe masikio kabla ya ndimi.

Kama uko tayari kusikia kwanza, andika AMINA.