Gari la Mkono wa Pili na Fedha za Bangili

 

Juma hili twaijibu barua ya dada yetu mmoja wa Mtwapa, ambaye jina lake tumelihifadhi kama alivyotuomba. Dada huyu hupika nyumbani kwake: mahamri ya asubuhi, na biriani na pilau za maagizo. Kila siku hukodi tuktuk au teksi kuyafikisha masufuria mjini Mombasa, na watoto wawili awashushe skuli njiani. Ameuza bangili zake nne, akajumlisha na fungu lake la chama, akapata shilingi 520,000. Atuuliza mambo matatu. Gari gani litamfaa kwa fedha hizo? Je, ni vibaya kwenda na fundi kulikagua gari la Muislamu mwenzake, ilhali dalali amemwambia, "Dada, sisi ni ndugu, tuaminiane"? Na la tatu, kaka yake amshauri akope aongezee, anunue gari kubwa la heshima.

Twaanza na hilo la dalali, kwani ndilo lililotukera.

Wafugaji wa Bara Arabu walikuwa na hila moja sokoni. Kabla ya kumuuza ngamia au kondoo, humfunga chuchu siku kadhaa asikamwe, kiwele kikafura, na mnunuzi akadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Akishamkama mara moja, kiwele hurudi udogo wake. Mtume (s.a.w.) aliikataza hila hiyo, na akampa mnunuzi khiyari ya siku tatu: akipenda abaki na mnyama wake, na akipenda amrudishe pamoja na pishi ya tende, badala ya maziwa aliyoyakama. Mafakihi huliita jambo hili tasriya, na waliosoma vitabu vya biashara katika madrasa watalikumbuka.

Sasa, gari kuukuu lina viwele vingi vya kufungwa. Injini huoshwa ikang'ara kama sufuria jipya. Oili nzito hutiwa ili mlio wa vyuma usisikike kwa siku chache. Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma. Kutu hufunikwa kwa puti, na juu yake rangi mpya. Na si lazima aliyeyafanya haya awe ndiye anayekuuzia leo. Pengine naye alihadaiwa na aliyemuuzia. Kwa hivyo kumwita fundi si suudhannu. Suudhannu ni kumhukumu mtu bila ya dalili, na kukagua ni kuitafuta dalili kabla ya kuhukumu. Muuzaji mkweli hunufaika kwa ukaguzi huo, kwani gari likiharibika mwezi wa pili, ana shahidi kwamba siku aliyouza lilikuwa zima. Dalali anayenuna akisikia fundi yuaja, dada yetu na amuage kwa adabu, aende kwa mwingine. Tena amuulize mapema kama ujira wake autoa kwa muuzaji peke yake au kwa pande zote mbili, maana mwenye kulipwa na muuzaji hawezi kuwa mshauri wa mnunuzi.

Ama kuhusu gari lenyewe, yafaa kwanza tujue fedha hizi zafika wapi. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Gari la Japani la umri huo likishushwa Kilindini, likalipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT na ada nyinginezo, kwa kawaida huwa limekwisha kuipita laki tano na ushei kwa mbali. Basi dada yetu atanunua gari lililokwisha kutumika hapa hapa nchini, na aghalabu litakuwa na umri wa miaka kumi na mitano au karibu yake. Si aibu. Ila asihadaiwe na namba. Wako wanaolipa zaidi kwa sababu kibao chaanza na KD badala ya KC, ilhali herufi zile zaeleza lini gari lilisajiliwa Kenya, wala hazielezi lini liliundwa.

Bei ya gari hulipwa mara moja, lakini petroli hulipwa kila juma, na hapa ndipo familia nyingi hukosea hesabu. Dada yetu atwambia safari yake ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, siku sita kwa juma. Hizo ni kilomita 1,000 hivi kwa mwezi. Gari dogo lendalo kilomita 16 kwa lita moja litakunywa lita 62 na nusu. Gari kubwa la kaka yake, lenye injini ya 2400 na kwenda kilomita 8 kwa lita katika foleni zetu, litakunywa lita 125. Bei za petroli hutangazwa upya na mamlaka ya kawi kila tarehe 14 ya mwezi, nazo hupanda na kushuka. Tuchukue shilingi 180 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Tofauti ni shilingi 11,250 kwa mwezi, yaani 135,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya robo ya fedha zote za bangili na chama, nayo yatoka kwenye moshi wa ekzosi. Na bado hatujahesabu tairi kubwa, breki kubwa na oili nyingi zaidi.

Kwa haja zake, rai yetu ni Toyota Vitz au Toyota Passo ya injini ya 1000. Injini yake ni ya silinda tatu, ina mnyororo ndani badala ya mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda, na vipuri vyake vyapatikana katika kila duka, hata vile vilivyotumika. Ikitunzwa, huweza kwenda kilomita 15 hadi 18 kwa lita. Barabara za pwani ni tambarare, na injini hiyo yatosha. Lau angekuwa akipanda Mazeras na Mariakani kila juma na abiria watano ndani, tungemwambia atafute ya 1300, kwani injini ndogo iliyoelemewa huchoma petroli kama kubwa. Mazda Demio nayo ni gari zuri, na mara nyingi bei yake huwa chini kidogo.

Nissan Note, Nissan March na Honda Fit si magari mabaya, lakini mengi yao yana giaboksi ya CVT, ambayo hutaka oili yake maalumu na kwa wakati wake. Mwenye gari wa kwanza akiipuuza, anayelipa ni wa tatu. Vitz na Passo nyingi pia zina giaboksi ya namna hiyo, kwa hivyo fundi asiseme "hili ni Toyota" akaacha kuipima. Magari ya haibridi kwa bajeti hii ayaache kabisa: betri yake ikifa, gharama yaweza kula faida ya petroli ya miaka. Ama Probox, ambayo twajua masufuria yamemfanya aifikirie, ni punda mwaminifu. Lakini punda anayeuzwa aghalabu ni yule aliyekwisha kubebeshwa. Kwa arusi mbili tatu za mwezi, kukodi pikapu siku hiyo ni nafuu kuliko kulisha gari kubwa siku zote.

Katika zile 520,000, asitumie zote kununulia. Atafute gari lisilozidi 450,000, na zinazobaki ziwe za bima, ada ya kuhamisha umiliki, oili na vichujio vipya, betri, na pengine tairi mbili. Gari kuukuu hudai haki yake katika miezi mitatu ya mwanzo.

Siku ya kulikagua aende asubuhi, wala asende peke yake. Afuatane na mahrimu wake, au na mama mwenzake, mbali na fundi. Amwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hajafika. Aiguse boneti: ikiwa ina joto, gari limeshawashwa, na gari gumu kuwaka asubuhi limefichwa aibu yake. Atazame ndani ya kifuniko cha kutilia oili. Akiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji na oili vimechanganyika, na matengenezo yake ni ghali. Kisha fundi atie ufunguo na kuuzungusha bila ya kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zapasa kuwaka, pamoja na taa ya injini, kisha zizimike injini ikishanguruma. Kama taa ya injini haikuwaka kabisa hapo mwanzo, huenda kuna aliyeizima makusudi. Mafundi wengi wana kifaa cha kuisoma kompyuta ya gari. Ujira wake ni mdogo, na aupime kwa bangili moja.

Moshi nao husema. Wa samawati ni oili inayoungua, na injini ya namna hiyo imekwisha kuchoka. Mweusi ni petroli inayopotea bure. Mweupe kidogo asubuhi si neno, ila ukiendelea baada ya injini kupata moto, gari laweza kuwa lala maji ya rejeta.

Sisi watu wa pwani tuna adui wetu, nayo ni chumvi. Gari lililolazwa miaka kumi karibu na bahari laweza kuwa na uso wa bibi arusi na tumbo lililooza. Fundi alale chini alitazame, aangalie kingo za milango na sakafu ya buti chini ya zulia. Mazulia hayo hayo yainuliwe mbele pia, yanuswe. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyazamisha magari mengi nchini, na gari lililozama laweza kusafishwa likapendeza, huku nyaya zake zikiendelea kuliwa kimya kimya. Harufu ya uvundo, au tope kavu kwenye reli za viti, yatosha kuondoka.

Kilomita za dashibodi asiziamini mpaka azilinganishe na pedali na usukani. Gari linalodai kilomita 70,000 ilhali mpira wa breki umelika hadi chuma, hesabu zake ni za mwenye duka. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yenye meno mazuri lakini umri mkubwa si ya kubebea watoto.

Baada ya hayo yote, anaweza bado kuomba sharti. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, mnunuzi na muuzaji waweza kushartiana khiyari isiyozidi siku tatu. Sharti hilo liandikwe. Na muuzaji anayejua aibu ya gari akainyamazia, maneno "nauza kama ulivyoliona" hayamwokoi mbele ya Allah.

Sasa lile la kaka. Kuongezea fedha kwa mkopo wa riba hatuna ruhusa ya kumpa. Asiyeweza ila kununua kwa muda, aweza kuziuliza benki za Kiislamu, ambazo zimekuwa nchini tangu mwaka 2008, juu ya murabaha. Aulize maswali mawili: je, benki yalimiliki gari kwanza kisha ndipo ikamuuzia? Na je, bei yaliyokubaliwa yaongezeka akichelewa kulipa? Bei ya malipo ya muda kuwa kubwa kuliko ya taslimu, wanavyuoni wengi wameijuzisha, maadamu imekatwa kabla ya kuachana. Lakini dada yetu hana haja ya hayo. Fedha zake zamtosha kwa gari linalomfaa, na heshima anayoitaka kaka yake na ainunue kwa fedha zake mwenyewe.

Limebaki moja ambalo hakutuuliza. Ameandika mwishoni kwamba kaka yake huyo "atalishughulikia gari na liandikwe kwa jina lake, kwa kuwa ndiye mwanamume." La. Bangili ni mali yake, na fungu la chama ni mali yake. Mume hana haki humo, sembuse kaka. Gari likiandikwa jina la kaka, naye akafa kesho, warithi wake watalihesabu katika mirathi, na dada yetu atakuwa ndiye wa kutafuta mashahidi. Basi kabla ya kutoa hata shilingi ya arubuni, aitafute rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Humo ataona ni la nani, na kama kuna mkopeshaji aliyelizuilia kwa deni. Fundi alinganishe namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma na ile iliyo katika logibuku. Muuzaji ndiye anayeanzisha uhamisho, na mnunuzi ndiye anayeukubali kwa akaunti yake mwenyewe. Asimpe mtu simu wala neno lake la siri amfanyie. Mapatano yaandikwe na kushuhudiwa, na malipo yapitie benki kwenda kwa mwenye gari aliyetajwa katika rekodi, si mkononi mwa dalali. Kaka na aje siku hiyo, awe shahidi, na atie sahihi pahala pa shahidi.

Wallahu aalam.