Benzi ya Watu Iliniponza

Mashosti, leo mwenzenu natubu. Kaka mmoja alinifuata Makambako na Mercedes-Benz nyeusi, akanipeleka Njombe, kama kilomita 60, viti vya ngozi, baridi naiona kwenye kioo tu! Nikalewa. Nikamwacha fundi makenika wangu, mwenye baiskeli na mikono ya oili. Kumbe Benzi ni ya bosi! Bosi alipochukua gari lake, kaka naye akayeyuka.

Jina hilo limetubabaisha tangu zamani. Baada ya uhuru, vigogo wa Afrika Mashariki waliopanda magari hayo walibatizwa Wabenzi, utadhani kabila!

Lakini mnamjua Bertha, mke wa Karl Benz wa Ujerumani? Kabla hawajaoana alitoa pesa alizotengewa na wazazi kwa ajili ya ndoa, akaokoa karakana ya mchumba. Mwaka 1888 akalichukua gari la mumewe bila kumuaga, akapakia wanawe wawili, Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Watu wakaamini gari linatembea.

Bertha alimwamini fundi kabla gari halijawepo. Mimi je? Fundi wangu leo ana gereji yake Makambako. Na mke.

Shosti, usiikimbie mikono ya oili. Tukutane mwezi ujao!