Imani yako isifunge shimo

Vijana wa Musonoi, tusidanganyane. Bamama banasafisha mawe, banabeba mifuko, lakini kushuka mu shimo, kwenye makuta iko, banakatazwa: eti damu ya mwezi inakimbiza madini!

Ku India, hekalu la Wahindu la Sabarimala lilizuia wanawake wa miaka 10 mpaka 50, kwa sababu ya damu ile ile. Tarehe 28 Septemba 2018 Mahakama ya Juu ikakataa. Waumini wakapinga: hii ni dini yetu. 2019 kesi ikapelekwa kwa majaji wengi zaidi.

Kwetu jibu limeandikwa. Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inataka ubaguzi juu ya wanawake uondolewe. Kifungu cha 22 kinalinda imani, lakini kwa kuheshimu haki za wengine.

Mama alisafisha mawe ili nisome. Niko na diploma, kazi sina. Lakini Katiba najua kusoma. Amini unavyotaka, shimo usimufungie.